Afande, Mpenzi Wako Nani?

Kwenye televisheni, askari aliyevaa gauni alichekesha Marekani nzima. Kwenye kambi za kweli, askari aliyeandika barua kwa mpenzi wake alipoteza kazi. Nimekaa na komedi za jeshi, za zamani na za juzijuzi, na haya ndiyo niliyokuta kuhusu kicheko, siri na mapenzi.

Hebu nikuulize, msomaji wangu. Jumatatu asubuhi ukifika ofisini, swali la kwanza unaloulizwa ni lipi? Bila shaka ni lile lile: "Wikiendi ilikwendaje?" Nawe, bila hata kufikiri, unajibu: "Safi tu, tulikwenda kwa wakwe, mwenzangu akaniburuza mpaka kwenye kitchen party ya binamu yake."

Sasa jaribu kupitisha mwaka mzima bila kumtaja huyo mwenzako. Usiweke picha yake mezani. Akikupigia simu, toka nje. Akiugua, usiombe ruhusa. Akifariki, rudi kazini kesho yake na uso mkavu. Halafu ongeza hili: hao wanaokuuliza habari za wikiendi ndio unaolala nao bweni moja, unakula nao sahani moja, na kesho mkipigwa risasi wao ndio watakaokubeba.

Hayo ndiyo yalikuwa maisha ya maelfu ya askari mashoga na wasagaji katika jeshi la Marekani. Na wakati huo huo, raia wenzao walikuwa wamekaa sebuleni wakivunjika mbavu kwa komedi za jeshi.

Najua kuna msomaji ameshakunja uso: "Mhariri, hayo ya huko, sisi yanatuhusu nini? Dini zetu na sheria zetu zinasema vingine." Sawa kabisa, na sikuja kukugombeza. Ila hili ni gazeti la mahusiano, na sijaona mahali ambapo siri imeingizwa ndani ya mapenzi kwa amri ya serikali kama pale. Kaa nami kidogo.

Kwa nini jeshi linachekesha

Yeyote mwenye ndugu aliyepitia jeshini anajua: hadithi za kambini haziishi. Binamu yangu mmoja alipita JKT, na mpaka leo akianza kusimulia habari za kuruta wenzake, kwata ya alfajiri na uji usioeleweka rangi yake, hakuna anayeondoka sebuleni. Haelezi sana alivyoteseka. Anaeleza walivyocheka.

Ndivyo jeshi lilivyo kila mahali. Vijana wanaotoka nyumba tofauti wanavalishwa nguo moja, wananyolewa nywele, wanapewa afande mwenye sauti ya radi, na wanaambiwa wafanye mambo ambayo hayana sababu. Mtu akipanga buti zake vibaya, bweni zima linaadhibiwa. Usipocheka, utalia. Watengeneza vipindi waliligundua hilo mapema: afande mkali, kuruta mzembe, mjanja anayetaka kutoroka, na bosi asiyejua kinachoendelea. Changanya, tayari una komedi.

Lakini utani wa kambini una mada yake moja kubwa, nayo ni uanaume. Nani dume, nani legelege, nani "kama mwanamke". Ndiyo maana komedi hizo, hata zisipotaka, zinagusa suala la mashoga kila baada ya dakika kumi.

Koplo mwenye kabati la magauni

Mfalme wa komedi za jeshi ni M*A*S*H, iliyorushwa na CBS kuanzia mwaka 1972 hadi 1983. Ni habari ya hospitali ya jeshi la Marekani katika Vita vya Korea. Vita vyenyewe vilichukua miaka 3, kipindi kikachukua 11! Sehemu ya mwisho, ya Februari 28, 1983, ilitazamwa na Wamarekani zaidi ya milioni 100.

Humo ndani yupo Koplo Klinger, jamaa mwenye pua ndefu na miguu yenye malaika, anayetembea kambini na magauni, kofia za maua na viatu vya visigino. Si kwamba anajisikia mwanamke, wala hapendi wanaume. Anachotaka ni kurudi kwao Toledo. Jeshi lilikuwa na kifungu cha 8, cha kumwachisha askari aliyeonekana hana akili timamu, na Klinger anaamini mwanaume mwenye gauni atahesabiwa kichaa. Kila wiki wakuu wake wanamtazama, wanatikisa kichwa, wanamrudisha kazini.

Mwigizaji wake, Jamie Farr, kwao kweli ni Toledo, na yeye mwenyewe aliwahi kuwa askari Japani na Korea. Amesimulia kwamba siku ya kwanza mwongozaji alimwambia aigize kwa madaha, kama shoga wa kwenye vichekesho. Walipoitazama kazi hiyo ikaonekana haifai, wakairudia. Mara hii Klinger akawa dume kamili, anavuta sigara, anaongea kwa sauti nzito, ila tu kavaa gauni. Hapo ndipo watu walipocheka.

Unaona mchezo ulipo? Gauni lilichekesha kwa sababu kila mtu alijua Klinger anazuga. Ukimwondolea kuzuga, ukamwacha mwanaume anayempenda mwanaume mwenzake kweli, kicheko kinakatika na polisi wa jeshi wanaitwa.

Na wazo lenyewe halikutoka hewani. Mtunzi wa kipindi, Larry Gelbart, alisema lilitokana na Lenny Bruce, mchekeshaji maarufu ambaye mwaka 1945, akiwa mwanamaji, aliigiza mbele ya wenzake amevaa mavazi ya kike. Wakubwa wakakasirika. Bruce akaona upenyo, akamwambia daktari wa meli kwamba anasumbuliwa na tamaa za wanaume. Wakamwachisha. Kwake ilikuwa tiketi ya kurudi nyumbani. Kwa wale ambao maneno hayo yalikuwa ya kweli, ilikuwa doa. Enzi hizo wengi waliachishwa kwa cheti kilichochapwa kwenye karatasi ya bluu. Mwajiri akiiona hiyo bluu tu, kazi hupati.

Siku George alipolazwa

M*A*S*H hawakuishia kwenye gauni. Februari 1974 walirusha sehemu iliyoitwa "George". Askari mmoja kijana analetwa hospitalini ameumia vitani, lakini mwilini ana alama nyingine za kipigo ambazo hazikutoka kwa adui. Anamwambia daktari Hawkeye ukweli: wenzake wa kikosi walimpiga baada ya kugundua kwamba ni shoga. Na anachoomba si kurudishwa nyumbani. Anaomba kurudi mstari wa mbele.

Meja Frank Burns, mnafiki wa kambi, akizisikia habari hizo anataka kijana afukuzwe mara moja. Hawkeye na mwenzake Trapper wanamtega Frank mpaka anaropoka kwamba yeye mwenyewe alinunua majibu ya mtihani wa udaktari. Basi, kila mtu anyamaze na ya mwenzake. Kesi kwisha.

Kwa televisheni ya mwaka 1974, hiyo ilikuwa noma. Ila angalia suluhisho lenyewe: kijana anaokolewa kwa kutunziwa siri. Mwaka uliofuata akatokea mtu aliyekataa suluhisho hilo, tena wa kweli. Sajini Leonard Matlovich wa Jeshi la Anga, aliyekwenda Vietnam mara 3 na kupata nishani, alimpa mkuu wake barua akieleza kwamba yeye ni shoga na anataka kuendelea na kazi. Septemba 1975 picha yake ikawa kwenye jalada la Time, akiwa na sare. Mwezi uliofuata akaachishwa. Alifariki mwaka 1988, na kwenye jiwe la kaburi lake pale Washington hakuandikisha jina lake. Aliandikisha kwamba jeshi lilimpa nishani kwa kuua wanaume wawili, likamfukuza kwa kumpenda mmoja.

Kuruta aliyependwa na wote

Sasa nikupe hadithi ninayoipenda kuliko zote. Kabla ya M*A*S*H, Marekani ilikuwa na Gomer Pyle, U.S.M.C., kipindi cha mwaka 1964 hadi 1969. Gomer ni kuruta mshamba, mwema kupita kiasi, aliyejiunga na Marines, wale wanaojiita wagumu kuliko wote. Sajini Carter anamfokea mpaka mishipa ya shingo inasimama, naye Gomer anamtazama kwa tabasamu. Miaka yote hiyo Vita vya Vietnam vilikuwa vinawaka, lakini kipindi hakikuvigusa.

Gomer aliigizwa na Jim Nabors. Marines wenyewe walimpenda mno: mwaka 2001 walimpandisha kutoka kuruta na kumpa heshima ya cheo cha lansi koplo, mwaka 2007 wakampa ukoplo.

Walichokuwa hawakijui watazamaji ni kwamba tangu mwaka 1975 Nabors alikuwa na mpenzi wake, mwanaume aliyekuwa mzima moto huko Honolulu. Watu wa karibu walijua, hadharani hakusema. Januari 2013, akiwa na miaka 82, alisafiri naye hadi Seattle, ambako sheria ilikuwa imeruhusu, wakafunga ndoa baada ya kuwa pamoja miaka 38. Na Marines je? Septemba ya mwaka huo huo walimpandisha tena cheo cha heshima. Sajini.

Fikiria miaka 38, jamani. Kuna ndoa ngapi za kadi za dhahabu na kamati ya watu hamsini zisizofika hata mwaka wa tatu?

Usiulize, Usiseme

Turudi kambini. Mwaka 1992 Bill Clinton aliahidi kwamba akiwa rais ataondoa marufuku. Akaingia Ikulu, wakubwa wa jeshi na Bunge wakamgomea. Mwaka 1993 wakakutana njiani, wakapata sheria iliyoitwa Usiulize, Usiseme. Mkuu wako asikuulize kama ni shoga, nawe usiseme. Ukikaa kimya, utabaki. Ukisema, au ukionekana na mtu wako, unaondoka.

Kwenye karatasi ilionekana kama nafuu. Kwenye maisha ya wapenzi ilikuwa mateso, kwa sababu "kusema" ni jambo pana. Barua ni kusema. Picha iliyobandikwa kwenye kabati ni kusema. Meja Mike Almy wa Jeshi la Anga aliieleza Seneti mwaka 2010 jinsi barua pepe zake binafsi, alizoandika akiwa Iraq, zilivyokutwa kwenye kompyuta na kikosi kilichokuja baada yake. Hakumwambia mtu. Walisoma, wakapeleka juu, kazi ikaisha.

Hapa ndipo ninapokumbuka neema ya Kiswahili. Sisi ukisema "mpenzi wangu kanipigia, anawasalimu", hakuna anayejua kama ni wa kike au wa kiume. Kiingereza hakikupi nafasi hiyo: ukimtaja tu, neno lenyewe linatoboa siri. Basi askari wengi walijifunza kubadilisha. Juma akawa Asha kila alipotajwa mezani. Kila hadithi ya nyumbani ilibidi itafsiriwe kwanza kichwani. Ukizoea kudanganya hivyo asubuhi hadi usiku, ukirudi likizo unamtazama mwenzako na kumwona mgeni.

Kabla sheria hiyo haijafutwa, zaidi ya watu 13,000 waliachishwa, wakiwemo wakalimani wa Kiarabu wakati nchi yao iko vitani Iraq.

Mwaka 2010 Pentagon ikaamua kuwauliza wahusika wenyewe. Askari wapatao 115,000 walijibu. Na kitu kilichonifurahisha: waliwauliza pia waume na wake wa askari, na 44,000 wakajibu. Karibu askari 7 kati ya 10 walisema kuondoa marufuku kutaleta mazuri, au mchanganyiko, au hakutabadilisha kitu. Lakini namba ninayotaka uikumbuke ni hii: kati ya wale waliowahi kufanya kazi na mwenzao waliyeamini ni shoga, asilimia 92 walisema kikosi chao kilishirikiana vizuri au kawaida tu. Hofu ilikuwa kubwa zaidi kwa wale ambao hawajawahi kuishi na mtu wa namna hiyo, au hawakujua kwamba wanaishi naye.

Rais Obama alisaini kuifuta sheria hiyo Desemba 22, 2010, na ikakoma rasmi Septemba 20, 2011.

Waingereza nao

Usidhani ni Marekani peke yake. BBC ilikuwa na It Ain't Half Hot Mum, 1974 hadi 1981, komedi ya kikundi cha burudani cha jeshi la Uingereza kule India na Burma mwaka 1945. Ndiyo, Burma ile ile walikopelekwa babu zetu wa King's African Rifles. Sajini meja mwenye masharubu anawachukia vijana wake kwa sababu wanaimba na kuvaa magauni jukwaani, na kila siku anawatukana kwamba ni mashoga. Mmoja wa watunzi, Jimmy Perry, aliyaishi hayo: alikuwa kwenye kikundi kama hicho huko huko India.

Taifa lilicheka, na jeshi likaendelea kuchunguza na kufukuza askari mashoga kwa miaka mingine karibu 20 baada ya kipindi kwisha. Mpaka walipokwenda Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya na kushinda mwaka 1999, na Januari 2000 marufuku ikaondolewa. Mwezi wa Julai 2023 Waziri Mkuu Rishi Sunak aliwaomba radhi Bungeni kwa niaba ya serikali. Kwa wengine, radhi hiyo iliwakuta wazee.

Busu la bandarini

Wanamaji wa Marekani wana desturi tamu. Meli ikirudi kutoka safari ndefu, huchezwa bahati nasibu, na mshindi ndiye anayeshuka wa kwanza kumbusu mpenzi wake mbele ya umati. Desemba 2011, miezi mitatu tu baada ya sheria kukoma, meli ya USS Oak Hill ilitia nanga Virginia. Mshindi alishuka, akaenda kwa mpenzi wake. Wote wawili walikuwa wanawake, na wote wanamaji. Wakabusiana, watu wakashangilia na kupeperusha bendera. Meli haikuzama!

Haikuwa mwisho wa safari, maana kwa sheria za wakati huo mwenzi wa jinsia moja bado hakuwa mwenzi kwenye makaratasi: hana bima ya afya, hana haki ya nyumba ya jeshi. Hilo lilibadilika mwaka 2013, baada ya uamuzi wa Mahakama Kuu ya nchi hiyo. Na mwaka 2024 Pentagon ilitangaza kurekebisha vyeti vya askari zaidi ya 800 waliofukuzwa zama za Usiulize, Usiseme.

Ubishi haujaisha. Oktoba 2025 Netflix ilitoa Boots, komedi yenye machozi ndani yake kuhusu kijana shoga anayejiunga na Marines mwaka 1990, pamoja na rafiki yake wa damu ambaye si shoga. Imetokana na kumbukumbu za Greg Cope White, aliyeyapitia mwenyewe. Msemaji wa Pentagon aliiponda vikali. Mimi niliitazama yote kwa siku mbili. Kuruta anachekesha, afande anatisha, kama kawaida. Tofauti ni kwamba safari hii anayeficha siri ndiye anayesimulia, na tunacheka pamoja naye. Imechukua zaidi ya miaka 50 tangu Klinger avae gauni.

Kwenu mlio wawili

Unaweza kuwa na msimamo wowote kuhusu mashoga, sina uwezo wa kukubadilisha kwa kurasa chache. Lakini haya matatu yachukue nyumbani:

Mosi, angalia unachokichekea. Ukimtania mtu mezani kwa jambo ambalo si la kweli kwake, ni utani. Kama pembeni amekaa ambaye kwake ni la kweli, naye anacheka kwa nguvu kuliko wote, huenda yuko kazini, anajilinda.

Pili, pima uzito wa kutajwa. Mwenzako anakutaja kwa wenzake? Wewe unamtaja? Wale askari walipigania mambo mengi, lakini la kwanza kabisa lilikuwa dogo: kuweza kusema "nyumbani wananisubiri" na kumtaja anayesubiri.

Tatu, kama mpenzi wako ni afande, na wasomaji wetu wa namna hiyo mko wengi, mwandikie. Safari za jeshi ni ndefu, na ujumbe wa mistari miwili unasomwa mara kumi. Wewe unaweza kutia jina lako mwishoni bila woga. Litie.

Na Klinger? Katika sehemu ya mwisho ya M*A*S*H vita vinakwisha, watu wanaagana kurudi kwao. Yule aliyehangaika miaka yote kutoroka Korea anaoa msichana wa Kikorea, na anabaki huko kumsaidia mkewe kuwatafuta wazazi wake. Hakuna kifungu cha jeshi kilichoweza kumtoa Korea kwa miaka 11. Mapenzi yalimweka kwa siku moja.